Kofia ya Mikono Miwili

Na Mwandishi Wetu, Wete, Pemba

Alasiri moja ya mwezi wa Shaaban, shoga yangu wa tangu utotoni aliniita kwake, katika kijiji kilicho mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka mjini Wete. Nilimkuta ameketi juu ya mkeka ukumbini, mgongo ameuegemeza ukutani, na mapajani pake pana kofia nyeupe ambayo haijakwisha. Duara la juu lilikuwa tayari. Ukanda wa ubavuni ulikuwa umeshonwa kiasi cha theluthi moja tu, na sehemu iliyobaki ilikuwa kitambaa kitupu chenye mistari ya penseli. Alininyooshea ile kofia, akasema kwa sauti ya chini ili mkwewe aliyekuwa jikoni asisikie:

“Shoga, sindano siioni tena. Nimalizie.”

Kofia ile ilikuwa ya kitinda mimba wake, kijana anayefanya kazi dukani Dar es Salaam, ambaye nikaha yake ilikuwa imepangwa kufungwa mfunguo mosi, baada ya Sikukuu. Kaka zake wote wawili walioa wakiwa wamevaa kofia zilizoshonwa na mama yao. Huyu wa tatu asingekosa, na wala mama hakutaka ajue kwamba nusura akose. Kijana mwenyewe alikwisha kumwambia kwenye simu, kwa huruma ya mtoto kwa mzazi, asijitaabishe, kwa kuwa kofia zimejaa tele Kariakoo.

Niliipokea. Sikumwambia kwamba nilikuwa sijashika sindano ya kofia kwa miaka 11.

Vazi na heshima yake

Msomaji asiye wa visiwani huenda akajiuliza kwa nini kofia moja iwanyime usingizi watu wazima wawili. Wanazuoni wametufahamisha kwamba kuvaa kofia si sharti la kusihi kwa swala, na mtu akiswali kichwa wazi swala yake imesihi. Lakini katika pwani yetu kofia ni sehemu ya adabu ya mtu kujitengeneza anapokwenda msikitini, mazikoni, maulidini na katika kila kikao cha watu wazima. Mzee wa Kipemba akitoka nyumbani kichwa wazi, jirani atamwuliza kama kuna habari mbaya.

Heshima hiyo ina historia, na historia yenyewe haikuwa nyepesi. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika. Tangu hapo kisiwa chetu kikawa ndicho hasa shamba la karafuu, na watu wengi waliletwa kutoka bara kuja kutumikishwa humo. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake kuhusu Zanzibar baada ya utumwa kilichotoka mwaka 2001, ameeleza kwa urefu jinsi mavazi yalivyokuwa alama ya hadhi katika zama hizo. Mtumwa alitakiwa avae nguo duni na akae kichwa wazi. Kufunika kichwa kulikuwa ni haki ya muungwana. Amri ya kuifuta hali ya utumwa ilipotolewa mwaka 1897, miongoni mwa mambo ya mwanzo waliyoyafanya walioachwa huru ilikuwa ni kubadili mavazi. Wanawake wakajitanda kanga, na baadaye wakavaa buibui. Wanaume wakavaa kanzu na kofia.

Kwa hiyo bibi aliyekaa barazani akimshonea mwanawe kofia, hata kama hakupata kuisoma habari hiyo mahali popote, alikuwa akimvisha kitu kizito kuliko kitambaa na uzi. Alikuwa akisema mbele ya mji mzima kwamba huyu ni mtu mwenye watu wake.

Kofia hiyo imesafiri pia. Ndugu zetu wa Oman huiita kumma, na leo ni vazi la kila siku la wanaume wa nchi hiyo, wazee kwa watoto. Kwa karne nyingi watu, bidhaa na desturi vimekwenda na kurudi baina ya Zanzibar na Oman, na baada ya mwaka 1964, na hasa kuanzia mwaka 1970, jamaa wengi waliohamia Maskati walikwenda na kofia zao kichwani. Ngazija nako kofia ya mkono ni fahari ya mwanamume. Ni vazi la bahari moja.

Kazi yenyewe

Kofia yetu ina vipande viwili vikuu: duara linalokaa utosini, na ukanda unaozunguka kichwa. Kwanza hupimwa kichwa. Shoga yangu hakutumia futi. Alikuwa na uzi aliouzungusha kichwani mwa mwanawe mwaka uliopita, akaufunga fundo, akautia ndani ya msahafu wake ili usipotee. Kisha kitambaa cheupe cha pamba hukatwa, kikawekwa tabaka moja juu ya nyingine, kikachorwa nakshi kwa penseli. Hapo ndipo sindano inapoanza kufuata mistari kwa bandi ndogo ndogo zinazolingana, hadi tabaka mbili zinakuwa kitu kimoja.

Baada ya bandi huja viua, na hapo ndipo mafundi wanapotengana. Kiua ni tundu dogo linalotobolewa kwa ncha ya sindano nene, kisha ukingo wake ukazungushiwa uzi, mzungusho kwa mzungusho, hata tundu likakaza na kubaki wazi daima. Kimoja ni kazi ya dakika chache. Lakini kofia moja ina mamia ya viua, vilivyopangwa kwa safu, maua, nyota na miraba. Kwa hivyo kofia ya viua huchukua wiki nyingi, na kwa mwanamke mwenye nyumba ya kuendesha, huenda ikachukua miezi mitatu au zaidi. Faida yake si uzuri pekee: katika joto letu, matundu yale hupitisha hewa kichwani.

Vipande vikishakamilika huunganishwa. Kofia hufuliwa, ikatiwa dondo, ikavishwa kwenye faroma ili isisinyae wala kupinda, kisha ikaanikwa juani. Ikikauka hukaa imara kama iliyosubiwa.

Zamani msichana wa Pemba alijifunza kazi hii pembeni mwa watu wazima. Sisi wawili tulijifunza kwa bibi mmoja wa mtaani kwetu. Tukitoka chuoni, tunaweka misahafu, tunakalia ukingo wa mkeka wake. Mwaka mzima wa kwanza hatukuruhusiwa kugusa kiua. Tulipiga bandi tu, tukifumua na kurudia. Mwenzangu aliendelea akawa fundi anayejulikana. Mimi nilikwenda skuli, nikapata kazi ya kalamu, nikaiacha sindano ikaota kutu.

Ramadhani na sindano

Nilianza kazi ile usiku wa pili wa Ramadhani, baada ya tarawehe, watoto wakiwa wamelala. Nilijiwekea kiasi: safu moja kila usiku mbili. Mchana, pakiwa na saumu na futari ya kupika, mkono hauna utulivu unaotakiwa.

Baada ya usiku nne nilikuwa nimemaliza safu mbili, nikaziona zimependeza. Nikampelekea mwenyewe. Hakuitazama kofia, kwani kutazama kusingemsaidia. Alifumba macho akapitisha ncha ya kidole cha shahada juu ya kazi yake, polepole, kisha akaingia katika kazi yangu. Kidole kikasimama.

“Viua vyako vimefumbuka kuliko vyangu,” alisema. “Unazungusha uzi mara ngapi?”

Nikamwambia mara 9.

“Mimi 12. Fumua.”

Nilirudi Wete nikiwa nimeudhika, sifichi. Nilijiambia kwamba hakuna mwanamume yeyote atakayehesabu mizungusho ya uzi katika kofia ya bwana harusi. Lakini usiku ule nilichukua wembe nikaifumua kazi ya siku nne, tundu baada ya tundu, nikijihadhari nisikate kitambaa. Nilipokuwa nikifumua nilitambua kwamba sikuombwa kushona kofia. Nimeombwa kuumaliza mkono wa mtu mwingine, na hiyo ni amana ya aina yake. Anayeshona kwa niaba ya rafiki haruhusiwi kuweka ladha yake. Lazima ajifunze subira ya mwenzake ilikuwa na urefu gani.

Tangu hapo nikawa napeleka kazi kila baada ya siku tatu. Tulikaa ukumbini tukisubiri magharibi, mimi nikishona, yeye akinisimulia. Ndipo nikajua mambo ambayo urafiki wa miaka 40 haukuwa umeyafikisha kwangu.

Bei na thamani

Niliyajua hapo, kwa mfano, mapato yake. Kofia za mume na wanawe alizishona bure, lakini nyingine nyingi aliziuza. Katika miaka ambayo karafuu hazikuzaa vizuri, ni kofia zilizonunua madaftari ya watoto na sare zao. Mnunuzi hupita vijijini akikusanya, kisha kofia huvuka bahari kwenda Unguja na kwingineko. Mshonaji hajui itauzwa kwa kiasi gani mwisho wa safari. Yeye hutajiwa bei akiwa mlangoni, na kwa kuwa shida iko ndani ya nyumba, hukubali.

Mnunuzi mmoja aliwahi kumtajia bei ya kofia iliyomchukua siku 60. Tulikaa tukaigawanya bei ile kwa siku hizo. Fungu la siku moja halikutosha kununua kilo ya unga. Tukanyamaza wote wawili.

Sasa kumekuja na kofia za mashine, ambazo huuzwa kwa bei ndogo, nazo hupendeza kwa mbali. Sina ugomvi na anayezivaa; si kila mtu ana uwezo, na swala haimwulizi mtu kofia yake imeshonwa na nini. Lakini mnunuzi anayetaka ya mkono na aijue. Aigeuze atazame ndani: kazi ya fundi mzuri ni safi upande wa ndani kama ilivyo nje, na matundu yake yamefungwa ukingo mzima bila nyuzi kuchomoza. Akiridhika kuwa ni ya mkono, basi ailipe kama ya mkono. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tumlipe mfanyakazi ujira wake upesi, kabla jasho lake halijakauka. Mara nyingi tunalielewa fundisho hilo kwa mchukuzi na kwa fundi wa ujenzi. Jasho la mwanamke aliyekaa ukumbini halionekani, ila lipo.

Nililoliona katika kofia ya shoga yangu ni kwamba zawadi ndiyo iliyotufundisha hesabu. Ile ya kuuza ilikuwa na bei, na bei ile ilitufanya tuidharau kazi. Hii ya mwanawe haikuwa na bei, na kwa hivyo kila mzungusho wa uzi ulihesabiwa. Mwezi ule ule wa Shaaban mtu mmoja alipita akataka kuinunua vivyo hivyo, duara na ukanda wake nusu, ampe fundi mwingine aimalize. Shoga yangu alikiri kwamba usiku ule hakulala. Alikuwa akihitaji nauli ya kwenda kutazamwa macho, na fedha zile zingetosha. Asubuhi aliniita mimi.

Macho ya mshonaji

Hapa lazima niseme neno kwa wanafamilia wanaosoma ukurasa huu. Shoga yangu aliuficha ugonjwa wake kwa karibu miaka miwili. Kwanza alihisi ukungu, kisha taa zikamwonekea zimezungukwa na duara, kisha nyuso zikafifia. Yeye alisema ni uzee. Majirani walisema ni sindano, kwamba ameyamaliza macho yake kwa viua na kandili katika ile miaka ya kabla ya umeme wa gridi ya taifa kuvuka kuja Pemba mwaka 2010, kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga.

Ukweli ni kwamba alikuwa na mtoto wa jicho. Katika maradhi haya lenzi ya ndani ya jicho hupoteza uangavu wake na kuwa kama kioo chenye ukungu. Umri ndio sababu yake kubwa, na kisukari huweza kuyaharakisha. Kushona hakuyaleti. Shirika la Afya Duniani linayataja kuwa ndiyo sababu kubwa ya upofu duniani, ilhali tiba yake inajulikana: lenzi iliyoharibika huondolewa kwa upasuaji mfupi, na mahali pake ikawekwa ya kutengenezwa. Mwenye ugonjwa huu hahitaji kukata tamaa, bali anahitaji mtu wa kumfikisha kwa daktari.

Kuna na lile dogo zaidi ambalo huwafika takriban watu wote baada ya miaka 40: jicho huchoka kuona vya karibu. Mama huanza kuisogeza sindano mbali na uso, kisha humwita mtoto amtungie uzi, kisha huacha kazi. Wengi wa hao wangerudishiwa kazi yao kwa miwani ya kusomea peke yake. Ukimwona mama yako anaita mtu wa kumtungia uzi, usicheke. Mpeleke akapimwe.

Siku ya nikaha

Kofia ilikamilika usiku wa 26 wa Ramadhani. Shoga yangu mwenyewe ndiye aliyeiunganisha duara na ukanda, kwa kupapasa, mimi nikimtungia uzi. Tuliifua, tukaitia dondo, tukaivisha kwenye faroma ya mti aliyoachiwa na mama yake.

Siku ya nikaha kijana alikuja kumwaga mama yake kabla ya kwenda msikitini, amevaa kanzu na joho lililoazimwa kwa mjomba. Aliinama. Mama akamvisha kofia kwa mikono miwili, kisha akapitisha vidole ukandani, akiuzunguka wote, kama anayetafuta kitu. Mahali fulani nyuma ya sikio la kushoto vidole vilisimama kidogo, vikaendelea. Hakuna aliyelitambua hilo ila mimi. Kijana aliinuka akasema, “Mama, imenikaa sawasawa.” Akatoka. Wanawake wakapiga vigelegele, nasi tukarudi jikoni, maana biryani haikungojei harusi.

Mfunguo nne, kwa mchango wa wanawe wote watatu, shoga yangu alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, na Alhamdulillahi, Allah (S.W.) akamjaalia kuona. Nilikwenda kumtazama baada ya bandeji kuondolewa. Mwanawe alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam na mkewe, na kofia ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye msumari. Akaomba apewe.

Aliigeuza ndani, akaigeuza nje, akaisogeza karibu na dirisha. Haikupita hata dakika. Akaweka kidole nyuma, upande wa sikio la kushoto.

“Hapa ndipo uliponipokea,” alisema.

Nilimwuliza kama ameona kasoro. Alicheka. Akasema viua ni sawa, mizungusho ni 12, lakini mimi huvuta uzi kwa nguvu zaidi, kama mtu mwenye haraka ya kufika. Mwanawe alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo alipojua.

“Mama mdogo,” aliniambia, “kumbe nimevaa kazi yenu nyote wawili.” Kisha akaichukua ile kofia kutoka kwa mama yake, akaivaa mle mle ndani, ingawa hakuwa na pa kwenda.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza tupeane zawadi kwa kuwa hukuza mapenzi baina yetu. Nilidhani nililijua hilo, nami nilikuwa nimezoea kulitekeleza kwa kupita dukani. Sasa nawaomba dada zangu wanaojua sindano, wamwite binti mmoja, wa kwao au wa jirani, wamkalishe ukingoni mwa mkeka. Na wale ambao, kama mimi, waliiacha ikaota kutu, wasione haya kuirudia kwa ajili ya mtu mmoja wanayempenda. Mkono utachelewa mwanzoni, kisha utakumbuka.

Nilipoaga siku ile, shoga yangu alinishika mkono mlangoni. Alikwisha kukata kitambaa kipya.

“Wiki ijayo ukija,” alisema, “niletee uzi wa kichwa cha mwanao.”

Nimempelekea, umefungwa fundo.